Kutoka Lindi hadi Kawangware na Meno ya Mideva

Tangu Jumamosi simu yangu haijapumzika. Kila mmoja wenu kwenye kundi letu la mafundi anauliza lile lile: Jairo, ulienda Kawangware au ulienda Uganda? Mbona uliondoka asubuhi, ukarudi jioni unanuka mahindi choma, na hukutaka kuongea na mtu? Basi naandika mara moja, msome wote, kisha mniache nifanye kazi.

Najua mtacheka nikiiita safari. Kutoka mtaani kwetu Lindi hadi Kawangware mtu mwenye miguu yake anatembea saa moja na nusu, akikutana na watu wa kwao labda mbili. Mimi ilinimalizia siku. Na nilikuwa nimebeba mzigo ambao sijawahi kubeba maishani, nao ni meno manne.

Mnayakumbuka meno yangu ya zamani. Miaka ishirini na mitano nimeshika misumari kwa meno, mkono mmoja kwenye ubao na mwingine kwenye nyundo, mpaka yale ya mbele yakabaki na vipengo kama msumeno uliochoka. Binti yangu Mideva amekuwa akijifunza kutengeneza meno kwenye kliniki moja kule Kawangware. Si daktari. Ni fundi, anakaa chumba cha nyuma na tanuri dogo, anachonga. Alipofika mwisho wa mafunzo daktari akamwambia alete mdomo wa kufanyia kazi, wa mtu wake mwenyewe. Akapeleka wangu. Akanitengenezea vinia nne. Ni kama ile vinia tunayobandika juu ya plaiwudi ili kabati lionekane la mvule, ila hizi ni za kauri, nyembamba kama ukucha, zinagundishwa mbele ya jino.

Mapatano yalikuwa haya: nikae nazo wiki mbili nikila kama binadamu, halafu Jumamosi saa nane mchana nirudi zikaguliwe. Zikiwa nzima, Mideva anapewa kazi pale. Zikiwa na kasoro, anafungasha aproni yake anarudi nyumbani. Na nyumbani ni karakana yangu, mahali nilipotaka abaki tangu akiwa mdogo, na ambapo aliondoka tukiwa hatusemezani. Sitawaficha: nilipoamka Jumamosi sikujua vizuri moyo wangu unaomba lipi.

Lindi: chai kwa mrija

Siku ile magari yalikuwa yamegoma. Mke wangu Rispa akasema nipande boda. Nikafikiria mashimo yote yaliyopo kati ya hapa na Kawangware, nikafikiria meno ya juu yakigongana na ya chini katika kila shimo, nikamwambia nitatembea.

"Basi kunywa chai uende," akasema.

Nikatoa mrija wangu mfukoni. Kwa wiki mbili nilikuwa nakunywa chai kwa mrija, kwa sababu Mideva alinieleza kwamba kauri yenyewe haishiki rangi sana, inayoshika ni gundi pembeni. Hilo nililielewa haraka. Hata kabati huanza kuharibika kwenye kingo. Tatizo ni kwamba chai ya moto kwenye mrija haikupi muda wa kujuta. Inafika kooni moja kwa moja.

"Baba Mideva," Rispa akasema huku akicheka, "hata watoto wa chekechea wanakunywa na kikombe."

Mkate nao niliukata vipande vidogo kwa kisu, kila kipande nikakipeleka nyuma kwenye magego, nikatafuna pole pole, nikamaliza kwa kusukutua maji. Kiamsha kinywa kilikuwa kinachukua muda kuliko kutengeneza stuli. Simu ikalia, Mideva.

"Baba, usikule mahindi choma njiani."

"Sawa."

"Kama lazima, pukuchua, halafu utafune na magego. Usiume muhindi na meno ya mbele."

"Sawa."

"Miwa, hapana. Mfupa, hapana. Barafu, njugu ngumu, hapana. Soda usikunywe, na usimfungulie mtu na meno."

"Sawa."

"Na misumari."

"Mideva, mimi sili misumari."

"Baba."

"Sawa, nimesikia."

Nikatoka. Hata reli sijafika, nikakutana na Okoth, anayechoma mahindi pale miaka nenda miaka rudi. Aliponiona akachomoa muhindi pembeni ya jiko.

"Fundi! Hii nimekuwekea. Ile ngumu, vile unapenda."

Nikamwambia leo hapana. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. Huyu ndiye aliyekuwa akituchomea zamani, Mideva akiwa na miaka saba, hana hata jino moja mbele. Jioni tukitoka karakana nilikuwa nanunua muhindi mmoja, naupukuchua kwa kidole gumba, nammiminia punje kwenye kiganja. Kikijaa anakula. Nikijaribu kuacha kabla hakijajaa, anakishikilia pale pale chini ya pua yangu na kusema, "Bado."

"Una shida na mahindi yangu?" Okoth akauliza.

"Nina shida na meno."

"Lakini meno yako yanang'aa!"

"Hiyo ndiyo shida," nikasema, nikaenda zangu. Nasikia sasa anawaambia watu kwamba nimeanza maringo.

Makina: chini ya kawa

Mpango ulikuwa kupita Makina bila kuonekana. Haiwezekani. Makina nimetengeneza milango mingi mno, na kila mlango una mwenyewe.

Mama Zuhura alikuwa amesimama nje. Ni mama wa Kinubi, ana vyumba vinane vya kupangisha, na milango yote minane ni kazi yangu.

"Jairo! Unapita mlango wangu hivyo, na mlango wenyewe ni wewe ulitengeneza?"

Nikaingia. Ndani kulikuwa na wageni wake wawili, akina mama, na katikati ya mkeka sinia limefunikwa kwa kawa la rangi nyingi, lile la kusukwa. Nyumba nzima ilinukia vizuri. Sasa, mara ya mwisho niliyokula kwa Mama Zuhura alinipa mbavu za mbuzi zilizokaangwa mpaka zikalia, na aliniangalia mpaka nikamaliza na kufyonza mifupa. Kwa Mama Zuhura huwezi kukata nyama kwa kisu ukaipeleka pembeni kama mgonjwa. Atauliza, utaeleza, atataka kuona, atawaita majirani waone.

"Karibu chakula," akasema.

Nikatoa jibu la kwanza lililokuja. "Nimefunga."

Akaweka mikono kiunoni. "Umefunga? Wewe? Tangu lini Mluhya wa kanisa akafunga Jumamosi?"

"Kuna maombi. Ya binti yangu."

Angalau nusu ya hilo ilikuwa kweli. Uso wake ukabadilika papo hapo, akawa mpole. "Basi funga, baba. Mungu apokee. Sisi tutakula, usituonee vibaya."

Akafunua kawa. Chini yake hakukuwa na mbavu wala mfupa. Kulikuwa na gurusa, ile mikate ya Kinubi myembamba, laini kabisa, imepangwa moja juu ya nyingine. Chakula ambacho mtoto asiye na jino anakimaliza. Katika mji huu mzima hakuna chakula kilichofaa meno yangu kuliko kile, na mimi nilikuwa nimefunga.

Nikakaa nikiwatazama wakila. Halafu kwa kuwa nilikuwa mtu wa maombi asiye na haraka, Mama Zuhura akanizungusha milango yote minane nisikilize bawaba zinavyolia. Mbili nilizipaka mafuta, moja nikaikaza. Nilipoaga ilikuwa imepita saa tano. Akanifungia gurusa nne kwenye karatasi.

"Za kufungulia," akasema. "Na huyo binti, Mungu amshike mkono."

Niliona aibu, nawaambia ukweli. Mtu anakuombea kwa moyo safi na wewe umemdanganya kwa sababu ya mbuzi ambaye hata hakuwepo.

Olympic: darasa chini ya mabati

Nilikuwa nimefika Olympic mvua ikamwagika, ile ya kubisha mabati kama changarawe. Tulijibanza watu kama kumi chini ya paa la kibanda. Karibu yangu alikuwa mama mmoja na mkokoteni wake wa miwa, na kando yake mwanaume wa boda, mtu mzima mwenye kitambi, ameshika chupa ya soda isiyo na kifunguo.

"Mzae, niaje," akaniambia. "Si unifungulie hii na meno?"

Ninyi mnajua nilivyokuwa. Hakuna harusi Lindi iliyotafuta kifunguo nikiwepo. Mkono ulishaanza kunyooka. Nikaurudisha mfukoni.

"Sifungui siku hizi."

Mama wa miwa akanipa kipande cha bure, kwa sababu ya mvua. Nikamshukuru, nikakataa. Njaa ilikuwa imeanza kunisema vibaya, nikatoa gurusa ya Mama Zuhura. Ni laini, ningeweza kuila hivi hivi, lakini kwa wiki mbili mkono ulikuwa umezoea. Nikatoa kisu kidogo cha mfukoni, nikaikata vipande vya mraba, vyote sawa, nikaanza kupeleka kimoja kimoja nyuma ya mdomo.

Mama wa miwa alinitazama mpaka akashindwa. "Mzee, hiyo si mbao."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, na nilipocheka nikasahau kufunga mdomo.

"Ebu ngoja!" mwanaume wa boda akapaza sauti. "Cheka tena! Oneni meno ya huyu mzae! Hizi ni za wapi?"

Basi mambo yakawa hayo. Nikasimamishwa mbele, natabasamu kushoto, natabasamu kulia. Mmoja akauliza kama ninazitoa nikilala. Mwingine akauliza kama nikipiga chafya hazitaruka.

"Na unakula nini sasa?" mama wa miwa akauliza. "Uji tu?"

"Nakula kila kitu," nikasema. "Namna ndiyo imebadilika. Embe nakata kwa kisu, siliumi. Nyama naitoa kwenye mfupa kwa vidole. Ugali, tonge dogo, naingiza pembeni. Haya ya mbele ni ya kucheka, kazi inafanywa na magego. Nikinywa chai nasukutua maji. Basi."

"Soda?" akauliza wa boda, akiitazama chupa yake.

"Asidi yake inakula jino pale mshono ulipo. Ukishindwa kabisa, kunywa pamoja na chakula, halafu maji. Usikae ukionja onja kutwa nzima."

Nilijisikia kama mwalimu mkuu. Nilikuwa naendelea na habari ya barafu mama wa miwa akanikatiza.

"Na ni nani alikutengenezea?"

Kwa miaka miwili watu wakiniuliza Mideva anafanya nini, nimekuwa nikisema yuko hospitali, nabadilisha mazungumzo. Hata ninyi niliwaambia hivyo. Sijui ni mvua, sijui ni zile nyuso zote zikinitazama mdomo.

"Ni binti yangu," nikasema. "Ni fundi. Ametengeneza na mikono yake."

"Wacha!" akasema mwanaume wa boda, na kwa mara ya kwanza akaacha utani. "Huyo msichana ni moto."

Kifua kilinijaa, sina namna nyingine ya kusema. Nilitoka pale mvua ikiwa bado inanyunyiza, saa saba, na nilitembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Dagoretti Corner: kabati la Muchiri

Nikakata Jamhuri, nikatokea Barabara ya Ngong, nikafuata upande wa mafundi wa samani. Ilikuwa saa nane kasoro. Kama ningepita moja kwa moja ningechelewa kidogo tu, na hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini pale yupo Muchiri, tuliyejifunza naye kazi kwa fundi mmoja, na Muchiri alikuwa amekumbatia kabati.

"Jairo! Mungu amekutuma! Shika hapa!"

Mteja wake alikuwa amesimama pembeni na pikapu inanguruma, na mgongo wa kabati ulikuwa haujapigiliwa. Plaiwudi ilikuwa imepinda kwa unyevu, inataka mtu aisukume kwa goti, aishike kwa mkono wa kushoto, apigilie kwa wa kulia. Muchiri alikuwa ameshika upande wa pili asiweze kuachia.

"Kwanza kula," akasema, akionyesha kwa kidevu sahani ya mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na kuchomwa, iliyokatwa juu ya benchi. "Ni moto bado."

"Sili ovyo siku hizi," nikamwambia kwa maringo yote. "Ngozi ya mutura inavuta. Ningelazimika kuikata vipande vidogo zaidi."

"Wee! Umekuwa tajiri wa Karen?"

"Meno haya yana masharti, Muchiri. Ukitaka yadumu lazima ujue unaweka nini mdomoni."

Hayo ndiyo maneno yangu, neno kwa neno. Kisha nikavua koti, nikaweka goti kwenye plaiwudi, nikashika nyundo, na nikafanya kazi. Mnajua kazi inapokubali. Ubao ulikaa, nyundo ilikuwa nzito vizuri, Muchiri anaimba upande wa pili, mteja ameanza kutulia. Tulimaliza upande wa juu, tukashuka wa kushoto, tukazunguka chini. Sijafurahia kazi hivyo muda mrefu. Nilipopiga msumari wa mwisho nikarudi nyuma kuutazama mgongo wa kabati, umenyooka kabisa, nikataka kumwambia Muchiri kitu.

Nikashindwa kuongea. Mdomoni nilikuwa na misumari miwili.

Nikaitoa pole pole, mmoja, halafu mwingine. Nikapitisha ulimi. Jino la kwanza laini. La pili laini. La tatu laini. La nne, kwenye pembe ya chini, ulimi ukakwama.

"Nini?" Muchiri akauliza. "Mbona umekuwa mweupe?"

Nikampa kioo cha pikapu mgongo, maana sikutaka kuona. Halafu nikageuka nikaona. Kipande kidogo kilikuwa kimeruka, hakizidi chembe ya chumvi. Nilipiga magoti kwenye maranda na kukitafuta, watu wazima watatu tukakitafuta, hata mteja mwenyewe. Mtu yeyote aliyewahi kutafuta chembe ya chumvi kwenye maranda anajua tulikipata au la.

Barabara ya Naivasha

Kutoka pale kuna mteremko na mpando mpaka Kawangware, na kuna watu wengi, matope, mitumba, wauza ndizi, na mimi sikuona hata kimoja. Ulimi haukutoka kwenye ile pembe. Mideva alipiga simu mara tatu. Mara ya tatu nikapokea.

"Baba, uko wapi? Daktari amengoja."

"Nakuja. Ilikuwa mvua."

"Meno yako sawa?"

"Nakuja," nikasema.

Sasa niwaambie lililonipitia kichwani, kwa sababu ninyi ni marafiki zangu na nikilificha hamtaelewa kilichofuata. Nilijiambia: hakuna aliyeona isipokuwa Muchiri na mwenye pikapu. Nikinyamaza, daktari atasema vinia ilikuwa dhaifu. Mideva atarudi. Nitampa ile benchi iliyo karibu na dirisha, ana jicho la kupima kuliko mtu yeyote pale kwetu, tutafanya kazi pamoja kama nilivyotaka. Na sitalazimika kusema kwamba mwanaume wa miaka hamsini ameshindwa na jambo moja aliloambiwa asubuhi ile ile. Nilitembea na wazo hilo hatua nyingi, na halikuwa likinichukiza vya kutosha.

Kawangware: kitini

Nilifika saa tisa na nusu. Daktari Wairimu ni mwanamke mfupi mwenye miwani, haongei sana. Mideva alikuwa amesimama nyuma ya kiti na aproni yake nyeupe, ameifunga vizuri kama siku ya kwanza ya shule.

"Fungua, mzee."

Nikafungua. Taa ikawaka. Kioo kidogo kikapita upande mmoja, kikarudi, kikafika pale, kikasimama.

"Hii imevunjika pembe," akasema. "Mzee, umekula nini?"

"Mkate," nikasema. "Na gurusa. Nilikata vipande."

Yote yalikuwa kweli, na ndiyo maana yalitoka kwa urahisi.

"Gurusa haivunji kauri." Akamgeukia Mideva. "Kama amekula mkate tu na pembe imetoka, basi shida ni ya kazi. Wewe unaonaje?"

Mideva akainama akatazama. Alikuwa karibu hata nikasikia pumzi yake. Akatazama jino, halafu akatazama mkono wangu wa kushoto, uliokuwa bado na vumbi la plaiwudi, na kidole gumba chenye alama ya nyundo. Nikaona amejua. Mtoto huyu amelelewa kwenye karakana, amejua yote kwa sekunde moja. Nikangoja aseme.

"Labda niliacha pembe nyembamba, daktari," akasema. "Ni kosa langu."

Jamani. Nimepigwa na nyundo mara nyingi, lakini sijawahi kuumia hivyo. Miaka miwili nimeona aibu kumtaja, naye amesimama mbele ya mtu anayeshika kazi yake, akanifichia kosa langu.

Nikakaa wima, taa ikanigonga paji la uso. Nikatia mkono mfuko wa shati nikatoa ile misumari miwili nikaiweka kwenye sinia lao la vyuma.

"Kosa si lake," nikasema. "Nilishika misumari na meno. Leo, Dagoretti Corner."

Daktari akavua miwani. "Misumari?"

"Ya inchi moja."

"Hii miwili?"

"Hii ndiyo iliyobaki."

"Ilikuwa mingapi?"

"Naweka mitano kwa mpigo."

"Mara ngapi, mzee?"

Nikamtazama Mideva. Hakunisaidia. "Mpaka kabati likaisha."

Daktari Wairimu alivaa miwani. Kisha akanisukuma nilale tena, akatazama upya, jino baada ya jino, muda mrefu. Akapitisha chuma chembamba kwenye kila ukingo.

"Mgongo mzima wa kabati," akasema polepole, kama anayejisemea. "Na imetoka pembe hii tu. Hakuna iliyobanduka. Hakuna ufa." Akamwambia Mideva amshikie taa, akachukua kijisagio chenye msasa mdogo kama punje ya mchele, akailainisha ile pembe mpaka ulimi ukapita bila kukwama. Alipomaliza akanigongea bega. "Ungekuwa mwanangu ningekuchapa. Kula unakula vizuri, kuliko wagonjwa wangu wengi. Sasa jifunze kufanya kazi." Na kwa Mideva, bila hata kugeuka: "Jumatatu saa mbili. Usichelewe kama baba yako."

Nilipoteremka kitini nilipitisha ukucha mbele ya meno, vile tunavyokagua kazi ya mtu. Nikatafuta mshono kati ya kauri na jino langu. Sikuupata. Nikatafuta tena.

"Mideva," nikasema, na daktari alikuwa bado pale, "miaka ishirini na mitano, mimi sijawahi kuunga kitu hivi."

"Baba, usianze," akasema, lakini alikuwa ameficha uso kwenye ile aproni.

Kawangware: jikoni kwa mama wa mahindi

Tulitoka pamoja. Jua lilikuwa limerudi, la jioni, matope yanang'aa. Nilikuwa sijala tangu Olympic na miguu ilikuwa imekataa. Nje ya kliniki kuna mama anachoma mahindi, amekaa na benchi refu lililopinda mguu. Nilikuwa tayari nauchunguza ule mguu.

"Kaa," Mideva akaniambia. "Hutengenezi kitu leo."

Nikakaa. Akachagua muhindi mmoja, si ule mgumu, laini kidogo, usioungua.

"Ulisema mahindi choma hapana," nikamkumbusha.

"Nilisema pukuchua."

Akakaa kando yangu, akaweka muhindi kwenye goti, akaanza na kidole gumba. Anaanza kwa kuufungua mstari mmoja, halafu mistari mingine inaanguka yenyewe, vile vile nilivyomfundisha bila kujua kwamba namfundisha. Akapuliza maganda. Akatazama mkono wangu.

Nikaukinga. Akanimiminia punje moto kidogo kidogo, halafu akaacha, akidhani zinatosha.

Sikuushusha mkono. Niliushikilia pale pale, chini ya pua yake.

"Bado," nikamwambia.